Yaritji, Mkwewe na Bonde la Murtja

Wifi yangu Yaritji hakosei. Usiniulize mimi, muulize mwenyewe, atakujibu kabla hujamaliza swali. Pale kwetu Talikata, kijiji cha katikati ya jangwa, ukipotelewa na mbwa, ukipotelewa na mume, ukitaka kujua nani alipita nyuma ya duka wakati watu wote wako kwenye mpira, unamwendea Yaritji. Atatoka peku, kofia yake nyekundu ya sufu kichwani, atautazama mchanga mara moja kama anavyotazama sufuria yake jikoni, halafu atakutajia jina. Akishakutajia jina atakucheka. Hilo la kunicheka limenigombanisha naye tangu niolewe na kaka yake, na ndilo linalonifanya nimtafute nisipomwona.

Watu humwita Murtja, na hakasiriki. Murtja ni mnyama wa kukaa kiganjani, rangi yake ya mchanga, mkia wake umenenepa kwenye shina kwa mafuta na mwishoni una nywele nyeusi zilizosimama. Ukimwona mbio mbio utadhani ni panya. Panya mwenyewe hadanganyiki, maana murtja humla kuanzia kichwani na kumwacha ngozi imegeuzwa ndani nje kama soksi. Anakula nge. Anakula tandu. Maji hana haja nayo. Akibanwa shimoni habembelezi mtu, anafoka na kutoa meno, hata mbele ya mkono unaoweza kumfunika mzima. Yaritji naye ni mfupi, mnene kwa chini, na sijaona mkubwa aliyemtisha.

"Niiteni tu," husema. "Mngeniita kondoo ndiyo tungegombana."

Bonde la murtja ni la baba yake. Jina la mzee yule hatulitaji tangu afariki, tunasema tu baba yake Yaritji. Ni bonde la mchanga mwekundu kati ya matuta mawili marefu, moja kaskazini, moja kusini, na limejaa tjanpi, zile nyasi zetu za miba, za zamani, zilizokua mpaka zikawa mafundo makubwa yaliyopasuka katikati. Chini ya mafundo hayo ndiko murtja anakochimba. Shimo lina milango kadhaa, na kwenye kila mlango kuna kijia kidogo kilichokanyagwa. Paka mwitu akija, murtja anaingia miba ikafunga nyuma yake. Nyasi zikiungua, mnyama chini hafi, moto unapita juu yake. Anakufa kesho yake, akitoka na kukuta uwanja mtupu na paka amekaa.

Ndivyo walivyokwisha kwingine. Zamani watu walitembea na moto, wakichoma kidogo hapa, kidogo pale, siku za baridi, hata radi za kiangazi zikipiga moto haukupata pa kukimbilia. Watu wakahamia kwenye vituo vyenye maduka na shule, nchi ikabaki haina wa kuichoma, na radi zikafanya kazi yake. Kiangazi cha juzijuzi ziliteketeza bonde la magharibi lote. Tulikwenda kutazama. Yaritji alitembea kwenye jivu akiita shimo moja moja kama mtu anayegonga milango ya ndugu, na yote yalikuwa na nyayo za paka. Aliporudi kwenye gari hakucheka wala hakunitukana, na hapo niliogopa.

"Limebaki moja, wifi," alisema. "Hili nalo likienda, nchi ya baba yangu itakuwa mchanga tu."

Kwa hiyo kila msimu wa baridi tunakwenda sisi walinzi wa ardhi, tunachoma vipande pembeni ya bonde, ili moto wa kiangazi ukifika ukute pameshaliwa. Kazi hiyo Yaritji aliifanya kwa mkono wake mwaka hadi mwaka. Kisha magoti yakaanza kumwuma, na ofisi ya walinzi ikaleta mtu wa kusaidia kubeba kopo la moto, lile linalodondosha mafuta yanayowaka. Mtu huyo alikuwa Lyndon, mume wa Leonie. Leonie ni bintiye Yaritji. Basi hapo ukajua taabu iliyotupata.

Mkwe ni mkwe kila mahali, lakini kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawaonani kabisa. Hawasemi, hawatazamani, hawakai gari moja, jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwingine. Lyndon akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Yaritji anatokea wa nyuma, hata kama ameacha unga wake kwenye meza ya muuzaji. Siku ya mpira yeye anakaa goli hili, Lyndon goli lile, na timu yetu ikifunga goli la upande wa Lyndon, Yaritji hushangilia akitazama miti. Wala hawachukiani. Hiyo ndiyo heshima, na Lyndon alikuwa nayo tele. Akiua kangaruu, mkia na nyama nzuri zilifika kwa Yaritji kabla hazijapoa, zikiletwa na Leonie.

Yaritji alikula nyama ile, akalamba vidole, halafu akalalamika.

"Mtu fulani anachoma haraka mno," alimwambia mbwa wake Sajini. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, akitaka neno lisambae bila kumwambia mtu. "Sajini, unasikia? Moto si mpira wa kukimbiza. Moto unaenda nao taratibu."

"Si umwambie Leonie amwambie?" nilisema.

"Nilishamwambia. Leonie anamtetea mumewe. Nimezaa wakili."

Mimi mwenyewe ninatoka ukoo wa mbali kusini na sina mwiko na Lyndon, kwa hiyo nilikuwa ninaongea naye. Ni kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa magharibi, anazungumza kama mtu anayeyatafuna maneno kwanza. Nilimpenda, lakini sikumwambia wifi yangu.

Siku ya kazi tulikwenda na magari mawili. Mimi niliendesha la wanawake, lenye tangi la maji na pampu nyuma, Yaritji kando yangu, Sajini amefungiwa ndani kwa sababu mbwa na murtja hawapatani. Lyndon alikuja peke yake na lake, akaegesha mwisho wa mashariki, nyuma ya tuta, mahali ambapo hatuonani. Mipango tulikuwa tumeshaipanga kwa mdomo wa Leonie. Kuna njia mbili za gari, moja inapita kaskazini ya bonde, moja kusini. Lyndon angechoma kaskazini tu. Kusini hapakuwa pa siku ile, maana upepo wa huko hugeuka jua likipanda na kuvuka tuta ukielekea bondeni. Yaritji alijua hilo tangu anabebwa mgongoni. Lyndon hakulijua, na hakukuwa na haja alijue, kwa vile upande ule haukuwa wake. Sisi wanawake tungekuwa magharibi, tukikagua mashimo ndani ya bonde.

Tulikuta murtja wapo. Mchanga mpya umerushwa mlangoni, nyayo ndogo mbili mbili za kurukaruka, na pembeni mabawa ya panzi yametupwa. Yaritji alipiga magoti na kuongea na shimo.

"Upo, mwanaume? Umekula vizuri? Umeacha uchafu mlangoni, mkeo hasemi?"

"Ulijuaje ni dume?" niliuliza.

"Tazama ukubwa wa mguu. Au na wewe macho umeyaacha dukani?"

Tungebaki pale, yote yangekwenda sawa. Lakini Yaritji alikuwa na kitu kinamwasha. Alisimama, akatazama mashariki, akafunga koti.

"Ninanyoosha miguu kidogo."

"Wifi, tumekubaliana utakaa upande huu."

"Wewe ni polisi? Nitafika njiani tu, nione kama nyasi zimekauka. Yule... mtu fulani hajaanza bado. Nitarudi kabla hajafika."

Alikwenda. Alivuka tuta la kaskazini, akatembea kwenye njia ya gari kuelekea mashariki, karibu mpaka mwisho, akizishika nyasi na kunusa upepo. Alitaka kuhakikisha mwenyewe, basi. Ilikuwa nchi ya baba yake na hakuweza kuiacha mikononi mwa mtu mwingine hata kwa asubuhi moja. Kisha akarudi kwa kupitia ndani ya bonde, akaja kwangu akijisifu kwamba zimekauka vizuri, na tukawasha moto mdogo wa chai. Nyayo zake zikabaki kule njiani, mbichi, zikielekea mashariki, waziwazi kama jina lililoandikwa ukutani.

Lyndon akafika na kopo lake na kuzikuta.

Wewe mgeni ungepita juu yake ukaendelea na kazi. Mtu wa kwetu hawezi, maana nyayo mbichi za mkwe ni kama mkwe mwenyewe amesimama pale. Aliona mguu wa mama mkwe wake, mfupi, mpana, kidole kidogo kimeegemea nje, na alijua umepita sasa hivi. Aliruka kando kama aliyekanyaga kaa la moto. Halafu alifikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alifikiri kwa heshima. Alijiambia kwamba mwenye nchi ameingia njia hii mwenyewe, hawezi kuwa ameingia bure, basi ameamua kuchoma kaskazini kwa mkono wake, na kwa kumwachia yeye nyayo zake anamwambia aende kule kwingine. Angemwuliza nani? Kwa hiyo alizunguka mbali, akapita kichwa cha tuta la kusini, akaingia njia ya kusini na kuanza kuchoma. Upepo wakati huo ulikuwa mdogo, wa kutoka mashariki, na moto wake ulikwenda vizuri tu.

Chai ilikuwa imechemka. Yaritji alikuwa anaweka sukari, na mkono ukasimama.

"Ule moshi unatoka upande gani?"

Niligeuka. Ulikuwa unapanda nyuma ya tuta la kusini, mweupe, mnene. Kaskazini mbingu ilikuwa tupu.

"Amechanganya," nilisema.

"Huyo hachanganyi." Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimsifu. "Kuna kitu kimemgeuza." Akatazama miguu yake mwenyewe. "Loo. Ni mimi. Amekuta miguu yangu."

Wakati anasema hivyo upepo ukageuka. Niliusikia kwenye shavu. Moshi uliokuwa umesimama ukainama, ukavuka tuta na kutufikia, na nyuma yake tukasikia ule mlio wa nyasi za miba zikishika, kama mafuta yanayomwagiwa maji.

Sijawahi kumwona mwanamke mwenye magoti mabovu akikimbia vile. Chini ya tuta la kusini, upande wa ndani wa bonde, kuna kamba ya mchanga mtupu, haina upana wa kujivunia, inatambaa kutoka magharibi mpaka mashariki. Yaritji alishika kiberiti na tawi, akaanza kuwasha nyasi za upande wa pili wa kamba ile, ili moto wetu upande tuta ukutane na moto unaoshuka, yote miwili ikose chakula.

"Leta gari! Mwaga maji nyuma yangu! Wifi, we! Unasubiri mualiko?"

Nilileta gari. Pampu ilikohoa kisha ikakubali. Nililoanisha nyasi za bonde, Yaritji akiwasha mbele, na moto wake ulipanda tuta vizuri, mtiifu. Lakini kamba ilikuwa ndefu na yeye ni mmoja. Ndipo juu ya tuta, mwisho wa mashariki, akatokea Lyndon akikimbia, kopo mkononi. Alishaelewa. Aliona bonde, aliona sisi, aliona kofia nyekundu, akasimama ghafla na kutupa kichwa upande kama aliyepigwa kofi. Yaritji naye alimwona. Akavuta blanketi alilojitupia begani akajifunika kichwa.

Nikasema moyoni, tumekwisha. Watapeana heshima hapa mpaka kila kitu kiungue.

Lakini Lyndon alivuta kofia ya koti lake mpaka puani, akashuka mpaka chini ya tuta, akaanza kuwasha nyasi za kando ya kamba kutoka upande wake akija kwetu, kinyumenyume, mgongo mbele. Na Yaritji, kwa kuchungulia chini ya blanketi vidole vya miguu yake tu, akaendelea kwenda kwake. Walikuwa wanakaribiana bila mmoja kujua mwenzake amefika wapi, isipokuwa kwa kunusa na kusikia. Ningecheka kama nisingekuwa ninalia kwa moshi. Na nakwambia, mstari wa Lyndon ulikuwa mzuri. Haukuwa wa haraka. Ulikuwa unakwenda taratibu, kila fundo likishika kabla ya jingine.

Walipofika mahali pa kusikiana pumzi, wote wawili wakasimama. Hawakuweza tena. Kati yao pakabaki pengo la nyasi ambazo hazijawashwa, na moto mkubwa ulikuwa umeshafika juu ya tuta.

"Pengo!" Yaritji alipiga kelele kutoka ndani ya blanketi. "Wifi, pengo!"

"Mama, pengo!" Lyndon naye alipiga kelele, mgongo kwetu.

Mama ni mimi. Mimi mwenye mwili huu, ninayepumzika mara mbili kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Niliruka, nikanyakua kaa la moto wa Yaritji kwa kibati cha chai, nikawasha fundo moja, la pili, nikaungua kidole, nikawasha la tatu. Halikushika upesi. Moto wa juu ulishuka ukaniwahi, ukaruka kamba hapo hapo pengoni, ukaingia bondeni. Niliupiga kwa tawi, Yaritji akapiga kwa blanketi upande wake, Lyndon kwa koti upande wake, na maji ya tangi yalipokwisha tulikuwa tumeuzima. Lakini kona nzima ya kusini ilikuwa jivu.

Nilikaa chini. Yaritji hakuniuliza hali yangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyoungua, akatafuta milango ya mashimo, akaweka mkono juu ya mchanga wa moto.

"Wapo chini," alisema. "Wazima. Lakini paka atakuja."

Tukakata matawi ya miba ambayo hayakuungua na kuyalaza kutoka kwenye kila shimo mpaka kwenye nyasi nzima, wapate kupita wamejificha. Yaritji alifanya nusu yake, akaondoka. Lyndon akaja akafanya nusu yake. Hakuna aliyepanga hivyo, ilitokea tu. Kisha Lyndon akakaa nyuma ya gari langu upande mmoja, Yaritji upande wa pili, mimi katikati nimeegemea bampa na kidole changu kwenye kikombe cha maji.

"Mwulize," alisema Yaritji, "kwa nini amechoma kusini."

"Anauliza kwa nini umechoma kusini."

Lyndon alitafuna kwanza. "Mama, mwambie niliona ameshika kaskazini mwenyewe. Nikajua ananituma kusini. Nilifikiri ni agizo." Alikung'uta jivu kwenye koti lake. "Mwambie nimeunguza nchi ya baba yake na ninaona aibu. Nitarudi kwetu magharibi. Leonie akitaka kubaki, abaki."

Nilimgeukia wifi yangu. Alikuwa amesikia kila neno, lakini lazima lisemwe na mdomo wangu.

"Anasema..."

"Sina uziwi." Aliutazama ule mstari mweusi chini ya tuta, mahali ambapo mkono wa Lyndon uliishia na wake ukaanzia. Nilimjua vya kutosha kuona anameza kitu kikubwa. "Mwambie asiwe mjinga. Mwambie nimeuona mstari wake. Ungekuwa mbovu, hili bonde lote lingekuwa jivu sasa hivi na mimi ningekuwa ninalia. Kosa halikuwa la mkono wake. Lilikuwa la miguu yangu."

Nilimwambia. Lyndon alifunika uso.

"Na mwambie hivi," Yaritji akaendelea, sasa kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kutoa amri dukani. "Watu wawili kama sisi hatuwezi kuchoma bonde moja. Moto hauna subira ya kungoja mkalimani. Mmoja lazima akae nje. Mwambie atakayekaa nje ni mimi."

"Wifi!"

"Nini? Magoti yana miaka mingapi haya? Yeye ana miguu mizuri na mkono mtaratibu. Kuanzia sasa msimu wa kuchoma sitakanyaga huku. Hata wayo mmoja. Akimaliza, akiondoka, moshi ukiisha, ndipo nitakuja. Nimesema. Tena nimesema mimi, sijaambiwa na mtu."

Niliudhika naye, na niliumia kwa ajili yake. Mwanamke ambaye hakuweza kuiacha nchi ile kwa asubuhi moja alikuwa anaiacha kwa msimu mzima, na anaongea kama mtu aliyeshinda. Njiani kurudi alimwambia Sajini kwamba kidole changu kimeungua kwa sababu ninakamata kaa kama ninayeshika biskuti.

Baridi iliyofuata alitimiza. Asubuhi ya kuchoma alijifungia Talikata, akaoka mkate kwenye majivu, akagombana na kila aliyepita. Moshi ulipoonekana mbali, alitoka akasimama uani.

"Ameanza kaskazini," alisema. "Amesimama. Anangoja upepo. Vizuri. Sasa anaendelea."

"Huwezi kuona yote hayo kutoka hapa."

"Wewe huwezi."

Aliendelea hivyo kutwa, na siku zilizofuata, mpaka Lyndon aliporudi, gari limejaa vumbi, na Leonie akaja kusema kazi imekwisha na mumewe amepumzika nyumbani. Yaritji alikuwa ameshavaa kofia. Nikamwendesha.

Tulipofika mwisho wa njia, moyo wangu ulipiga. Mchanga wote ulikuwa umefagiwa. Kwetu mchanga hufagiwa hivyo mtu akifa, ili nyayo zake zisiwaumize waliobaki. Niliishika breki.

"Nani amefariki?" nilisema.

Yaritji alishuka bila kunijibu. Aliinama, akatembea kidogo, akainama tena. Kaskazini moto ulikuwa umekula kipande kizuri, kimenyooka, na nyasi za bonde hazikuguswa. Kila mahali ambapo mtu angepita akifanya kazi ile, kando ya njia, juu ya tuta, kati ya mafundo ya tjanpi, palikuwa na alama za tawi likivutwa. Lyndon alikuwa amelivuta nyuma yake siku zote zile, akibeba kopo kwa mkono mmoja na tawi kwa mwingine, akifuta kila wayo aliokanyaga, ili mama mkwe wake akija asikute mahali pa kugeuka, asizunguke tuta lolote, aingie nchi ya baba yake kwa mlango wa mbele.

Yaritji aliinama, akaugusa mchanga ule kwa kiganja.

Kisha akavua kofia, akaingia. Alitembea katikati kabisa ya bonde, peku, bila kutazama kando. Juu ya mchanga ule msafi kulikuwa na nyayo za aina moja tu kabla ya zake, ndogo, mbili mbili, zikirukaruka kutoka fundo moja hadi jingine, na nyingine zikitoka kwenye ile kona iliyoungua mwaka jana, ambayo nyasi zake zilikuwa zimeanza kuota.

"Wifi!" aliniita, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi, naye hakuyaficha. "Usikae huko kwenye gari kama mfuko wa unga! Njoo uone mkwe wangu alivyonitandikia!"